Ahadi kwa Aliyekwisha Kutua: Matibabu ya Marubani Wastaafu na Somo Lake kwa Wafanyakazi Wetu



Nimeombwa niseme juu ya haki za mfanyakazi baada ya kustaafu. Ningeweza kuanza na mchuma chai au mpakuzi wa bandarini, ambao taabu zao twazijua sote. Nimeamua kuanza na mtu ambaye wengi wenu hamtamhurumia upesi, naye ni rubani wa ndege za abiria huko Marekani. Mshahara wake ni mnono, chama chake, ALPA, kimekuwapo tangu mwaka 1931, na mikataba yake huandikwa na mawakili hodari. Wahenga wetu walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Ikiwa wembe ulimfikia huyu mwenye nguvu, sisi wengine tusijidanganye.

Mtazameni kwanza akiwa kazini. Kwa kanuni za anga za nchi ile, nahodha wa ndege za abiria aliyetimiza umri wa miaka 40 hupimwa na daktari kila baada ya miezi 6. Macho, masikio, moyo na akili vyote huchunguzwa, na ikionekana kasoro kubwa, ruhusa ya kurusha ndege huondolewa. Maadamu anaongoza ndege, afya yake ni jambo la umma. Siku akitua kwa mara ya mwisho, swali linageuka. Je, kuanzia kesho yake asubuhi, afya hiyo ni ya nani, na ni nani atakayeilipia?

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya sheria mbili zisizolingana. Kuanzia mwaka 1960 hadi Desemba 2007, kanuni ya serikali ya Marekani ilimkataza mtu aliyetimiza miaka 60 kurusha ndege za mashirika makubwa ya abiria. Hata awe na nguvu kama simba, alishushwa. Lakini bima ya serikali kwa wazee, iitwayo Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, humpokea mzee anapofikisha miaka 65. Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali ulimtoa rubani kazini akiwa na miaka 60, na mkono wa pili ukamwambia angoje miaka 5. Mke wake akiwa mdogo kwake kwa miaka 8, basi yeye angengoja miaka 13, kwa kuwa Medicare haimpokei mtu kwa umri wa mwenzake. Tena, kabla ya marekebisho ya bima yaliyopitishwa mwaka 2010, ambayo masharti yake makuu yalianza kutumika mwaka 2014, kampuni za bima katika majimbo mengi ziliweza kumkataa mtu aliyeomba bima peke yake kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao, au kumtoza zaidi.

Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kilipoingia. Sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili iyahusu mashirika ya ndege, iliwapa marubani haki ya kujadiliana na waajiri wakiwa kitu kimoja. Mezani walibadilishana vitu. Shirika likisema haliwezi kuongeza mshahara kiasi kile, marubani walijibu, basi tuongezeeni ulinzi wa kesho. Hivyo matibabu ya mstaafu na ya mwenzi wake yakaingia katika mikataba. Ndugu zangu, jambo hili tulishike barabara: matibabu hayo hayakuwa sadaka. Yalikuwa sehemu ya ujira ambayo mfanyakazi alikubali kuipokea akiwa mzee. Aliyatolea kazi yake tayari, na mwajiri alikwisha kuipokea.

Sasa twende penye ufa. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya kulinda mafao ya wafanyakazi, ijulikanayo kwa herufi ERISA. Sheria hiyo iliweka masharti makali juu ya pensheni: mfanyakazi akitumikia miaka iliyowekwa, pensheni yake huwa mali yake, na mwajiri sharti atenge fedha kwa ajili yake. Lakini masharti hayo hayakuyagusa matibabu. Kwa hiyo mzee mmoja aliyepewa ahadi mbili na mwajiri yule yule, siku ile ile, aliondoka na ahadi moja yenye mlinzi na nyingine isiyokuwa na mlinzi. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza wazi kwamba, kwa upande wa sheria hiyo, waajiri kwa kawaida wako huru kuibadilisha au kuifuta mipango ya namna hiyo wakati wowote. Kinachoweza kuwafunga ni maneno ya mkataba wenyewe.

Na maneno ya mkataba je? Kwa miaka mingi baadhi ya mahakama zilikuwa zikisema kwamba mkataba wa chama ukitaja matibabu ya wastaafu, ni busara kudhani kuwa wahusika walikusudia yadumu maisha yote. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliikataa dhana hiyo. Ilisema mkataba wa wafanyakazi usomwe kama mikataba mingine, na kwamba ukiwa kimya, mahakama isidhani kuwa haki hiyo ni ya maisha. Mkataba wa miaka 3 unaweza kufa na ahadi zake baada ya miaka 3, na mzee akaachwa mkono mtupu.

Liko pia jambo la hesabu. Kabla ya miaka ya 1990, kampuni nyingi zililipa gharama za wastaafu mwaka baada ya mwaka, bila kuonyesha vitabuni deni la miaka ijayo. Kuanzia mwisho wa mwaka 1992, kanuni mpya ya uhasibu ilizitaka kampuni za Marekani ziliandike deni hilo lote. Kilichokuwa kimefichwa kikaonekana, nao wenye hisa wakashtuka. Waajiri wengi wakaanza kupunguza ahadi au kuzifunga kwa wafanyakazi wapya. Tusiilaumu kanuni iliyosema ukweli. Tuulaumu utaratibu wa kuahidi pasipo kuweka akiba.

Ndugu zangu, jaribio kubwa huja kampuni inapokimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 1986 kampuni kubwa ya chuma, LTV, ilifanya hivyo, na mara ikakata bima ya afya na ya maisha ya wastaafu wapatao 78,000. Kelele za wazee hao na za chama chao zilifika bungeni, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ambayo mimi kama wakili naiheshimu. Sheria hiyo yasema kwamba kampuni iliyo chini ya ulinzi wa mahakama iendelee kulipia matibabu ya wastaafu mpaka yapatikane mapatano au amri ya hakimu. Kabla ya kuomba amri hiyo, kampuni sharti ipeleke pendekezo kwa mwakilishi wa wastaafu, impe hesabu zinazohitajika ili aweze kulipima, na ikutane naye kwa nia njema. Hakimu asikubali kupunguza ila aonyeshwe kwamba ni lazima ili kampuni ifufuke, na kwamba mzigo umegawanywa kwa haki kwa wote wanaohusika.

Mnasikia neno mwakilishi. Kwa kawaida chama cha wafanyakazi ndicho mwakilishi wa wastaafu waliokuwa chini ya mikataba yake. Lakini chama kikikataa kazi hiyo, au mahakama ikiona ni mtu mwingine anayepaswa kuwasemea, wastaafu huteuliwa mwakilishi wao. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1971, katika kesi ya wafanyakazi wa kemikali, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba mstaafu si mfanyakazi tena kwa maana ya sheria kuu ya kazi viwandani, na kwamba mwajiri halazimiki kujadiliana na chama juu ya mafao ya wale waliokwisha kuondoka. Chama kinaweza kuwasemea, lakini kinachaguliwa na walio kazini. Mstaafu hana kura. Siku fedha zinapokuwa haba, kijana mwenye kura anakaa mezani, na mzee asiye na kura yumo ndani ya sahani.

Yaliyotokea katika shirika la United ni kielelezo. Shirika hilo liliomba ulinzi wa mahakama tarehe 9 Desemba 2002 na likatoka humo Februari 2006. Mwaka 2004 liligeukia matibabu ya wastaafu likitaka wachangie zaidi, na mwaka huo huo mapatano ya kupunguza yakafikiwa. Wahudumu wa ndege walilalamika kwa uchungu, maana wengi wao walikuwa wamestaafu kabla ya tarehe 1 Julai 2003 kwa kuelezwa kwamba wakiondoka mapema bima yao ingebaki kama ilivyokuwa. Mwaka 2005 ikafuata pensheni. Mipango ya pensheni ya United, iliyopungukiwa na dola bilioni 9.8, ilivunjwa na kukabidhiwa shirika la serikali la kudhamini pensheni, PBGC, ambalo lilidhamini dola bilioni 6.6 tu za upungufu huo. Chama cha marubani kilikubali kutopinga kuvunjwa kwa mpango wao, nacho kikapata hati za deni zenye thamani ya dola milioni 550 kwa ajili ya marubani. Wastaafu waliunda chama chao wenyewe, URPBPA, wakaajiri mawakili na kupinga mahakamani. Hawakushinda.

Sitaki kuwahukumu viongozi wa ALPA kwa mbali. Walikuwa na maelfu ya wanachama ambao ajira zao zingepotea kama ndege zingesimama kabisa. Kampuni iliyokufa hailipi mtu, wala kijana wala mzee. Mashambulizi ya Septemba 2001 yalikuwa yamewatia abiria hofu, na hasara ilikuwa ya kweli. Ninalosema ni kwamba mtu mmoja hawezi kuwa wakili wa pande mbili zinazogombea shilingi ile ile. Ningefanya hivyo katika ofisi yangu ningefutwa katika orodha ya mawakili.

Angalieni pia jinsi umri ulivyorudi kuwaumiza. Kwa mipango iliyovunjwa mwaka 2005, dhamana ya PBGC haikuzidi dola 45,614 kwa mwaka kwa mtu aliyeanza kulipwa akiwa na miaka 65. Kwa aliyeanza akiwa na miaka 60 kikomo kilikuwa dola 29,649. Rubani alihesabiwa kama mtu aliyetaka mwenyewe kuondoka mapema, ilhali ni sheria iliyomfukuza. Katika fedha hizo zilizopungua ndimo alimotakiwa kutoa bima yake na ya mwenzi wake. Serikali ilikuwa imeweka nafuu ya kodi mwaka 2002, iliyowalipia watu wa miaka 55 hadi 64 waliokuwa wakilipwa na PBGC asilimia 65 ya gharama ya bima mwanzoni, na baadaye zaidi. Nafuu hiyo ilikatika, ikafufuliwa, na mwisho wa mwaka 2021 ikazimika.

Shirika la Delta nalo liliingia mahakamani Septemba 2005. Huko marubani waliostaafu walikuwa na kamati yao rasmi chini ya sheria ile ya mwaka 1988, na wastaafu wengine walikuwa na yao. Hawakuyaokoa yote. Lakini waliketi mezani kwa jina lao, wakaonyeshwa hesabu, wakapatana. Anayepunguziwa haki akiwapo, na kwa sababu alizoelezwa, hapati msiba ule ule wa aliyesoma habari zake gazetini.

Sasa nirudi nyumbani. Nilipokuwa wakili kijana alinijia ofisini mzee mmoja aliyekuwa amestaafu katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkononi alikuwa na barua iliyokunjwa mara nne, safi kama noti mpya. Ilisema kampuni itaendelea kumtibu yeye na mkewe "kwa mujibu wa taratibu zitakazokuwapo". Mkewe alikuwa akiugua figo. Hospitali ilikuwa imemrudishia kadi, kwa sababu taratibu zilikuwa zimebadilishwa. Niliisoma barua ile mara tatu nikitafuta mahali pa kushika, nisipaone. Maneno matano ya mwisho yalikuwa yamekula yote yaliyotangulia. Nilipomweleza, hakukasirika. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, hao waliozibadilisha hizo taratibu, waliniuliza?"

Sikuwa na jibu la kisheria. Lakini swali lile ndilo swali la mageuzi yote tuliyowahi kuyadai katika nchi hii. Wazazi wetu walipodai vyama vingi hadi kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, walikuwa wakiuliza hilo hilo: mnatuamulia, je, mlituuliza? Haifai tuuweke uwakilishi katika siasa ya taifa kisha tuukose katika vyama vyetu wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 imetupa msingi. Kifungu cha 41 chalinda haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja; cha 43 chatoa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana; cha 57 chawatambua wazee na haki yao ya kuishi kwa heshima na kutunzwa ipasavyo na jamaa zao na Serikali. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mkataba wa pamoja uliosajiliwa na mahakama huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi unaomhusu. Marubani wetu wenyewe walituonyesha mwezi wa Novemba 2022 jinsi mambo ya uzeeni yanavyoweza kusimamisha ndege: moja ya sababu za mgomo wao ilikuwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba, iliyositishwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini, nao wakarudi. Lakini nchi nzima ilijua kwamba fedha za uzeeni ni ujira.

Tunayo bima ya taifa chini ya sheria ya mwaka 2023, ambayo mwenye mshahara huikatwa asilimia 2.75, na aliye nje ya ajira hutozwa kwa kukadiriwa mapato ya kaya yake. Hiyo ni nguzo, na tuidai ifanye kazi yake. Hata hivyo wengi wenu mna bima ya ziada kazini, na bima hiyo kwa kawaida huishia getini siku ya kuagana. Kwa hiyo nawaachia mambo manne mtakayoyapeleka mezani katika mazungumzo yajayo.

La kwanza, andikeni muda. Mkitaka matibabu yadumu maisha yote ya mstaafu na mwenzi wake, andikeni maneno hayo hayo, na mseme kwamba hayafi mkataba ukifikia kikomo. Msikubali "kwa mujibu wa taratibu zitakazokuwapo".

La pili, fedha ziwekwe nje ya mfuko wa mwajiri. Baada ya kuungua, baadhi ya marubani wa Marekani walijadiliana wapate amana ya matibabu iliyotengwa na kampuni, inayokusanywa wangali kazini. Kampuni ikianguka, amana haianguki nayo. Na sisi njia ipo: sheria ya kodi iliyorekebishwa Desemba 2024 inamruhusu mfanyakazi kuchangia mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi bila mchango huo kutozwa kodi. Mdaini mwajiri achangie pia.

La tatu, mpate hesabu. Kila mwaka chama kioneshwe ahadi ni kiasi gani na akiba ni kiasi gani. Ahadi isiyo na akiba ni deni lililovaa nguo za sherehe.

La nne, wapeni wastaafu kiti. Katiba za vyama vyetu ziruhusu wastaafu kuchagua mwakilishi wao, na pasijadiliwe jambo lihusulo matibabu yao bila yeye kuwapo. Wakati maslahi yao na ya walio kazini yanapogongana, wawe na wakili wao.

Najua vijana wataniuliza kwa nini wampe kiti mtu asiyelipa tena ada. Jibu langu ni fupi. Mwaka 2007 umri wa marubani wa Marekani ulipandishwa hadi 65, na shimo lile la miaka 5 kwa rubani mwenyewe likafukika. Waliokwisha kushushwa kabla ya hapo hawakufaidi. Kila mmoja wao aliwahi kuwa rubani kijana aliyedhani kwamba mambo ya wazee yangengoja. Ninyi mnaoketi viti vya mbele leo mtaketi pale wanapoketi wazee hawa, na mkataba mtakaoukuta huko ni ule mtakaouandika sasa.

Yule mzee wangu alizika mkewe. Barua yake bado ninayo katika faili, nami huisoma kila nikipewa mkataba wa wafanyakazi niupitie. Nawaomba msiwaandikie wenzenu barua kama ile.